Nikon 200-500 au Sigma 150-600: ipi kwa mpiga picha wa kujifurahisha hapa Nairobi?

Mgeni wa Lenzi (mwanzisha uzi)

Habari zenu wanajukwaa. Nina kamera ya Nikon D7500 niliyoinunua pamoja na lenzi yake ya milimita 18-140, na kwa muda sasa nimekuwa nikidunduliza fedha za lenzi moja ya masafa marefu, kwa sababu ndege ninaowapiga picha katika msitu wa Karura hutoka wadogo mno hata nikiikata picha kwa kiasi gani. Baada ya kusoma sana nimebakiwa na mbili: Nikon 200-500 yenye f/5.6 mwanzo hadi mwisho (namba ya f ni ukubwa wa tundu la mwanga, na ikiwa ndogo mwanga huingia zaidi), na Sigma 150-600 f/5-6.3, ile nyepesi ya jamii ya Contemporary. Zote mbili ziliingia madukani mwaka 2015, zote zina mfumo wa kutuliza mtikisiko, na zote hufunga kwenye kamera yangu bila kifaa cha kati.

Matumizi yangu ni haya. Jumamosi nyingi huingia Karura kwa miguu. Nikipata nafasi katika gari la rafiki, huenda Mbuga ya Taifa ya Nairobi, na mara mojamoja hupiga picha za raga shuleni kwa mpwa wangu. Hesabu yangu hadi sasa ni kwamba Sigma ingenifaa zaidi msituni, kwa kuwa ndege ni wadogo na 600 inazidi 500, ilhali Nikon ingefaa mbugani ambako wanyama ni wakubwa. Fedha zilizopo ni za lenzi moja tu, kwa hiyo ningependa kusikia kutoka kwa waliozitumia. Naomba pia nisishauriwe kubadilisha kamera. Hilo halimo katika bajeti.

Wa Rongai

Karibu ndugu. Mimi natumia Sigma hiyo na sijuti. Uzito wake ni gramu 1,930, ilhali Nikon ni takriban gramu 2,300 ikiwa na pete yake ya tripodi. Ukiwa unatembea kutoka lango la Limuru Road hadi mapangoni na kurudi, tofauti hiyo utaijua begani bila kuambiwa na mtu. Bei yake pia ilikuwa chini tangu mwanzo: ilipotoka iliuzwa Marekani kwa karibu dola 1,100, na Nikon kwa karibu dola 1,400. Zaidi ya hayo, 600 ni 600. Ndege hakusubiri usogee.

Mzee wa Karura

Ndugu mwanzisha uzi, umeuliza vizuri, lakini naona umezipanga lenzi hizi kinyume. Msitu ndio unaoidai Nikon, na mbuga ndiyo inayoweza kuidai Sigma. Niruhusu nieleze kwa kirefu, maana wengi wanaouliza swali hili huanza kwa kulinganisha namba kubwa zilizoandikwa ubavuni mwa lenzi, wakasahau kuuliza mwanga uko wapi.

Karura asubuhi, chini ya miti mirefu, ina giza kuliko macho yako yanavyokuambia. Jicho huzoea, kamera haizoei. Tuseme umemwona chozi anayerukaruka kwenye maua ya kichaka kando ya njia. Yeye hatulii, kwa hiyo unataka kasi ya shata isiyopungua 1/500 ya sekunde, na afadhali iwe zaidi. Ukiwa na f/5.6 huenda kamera ikakuomba ISO 3200 (ISO ni unyeti wa kamera kwa mwanga, na ikipanda chenga huongezeka). Sigma ikiwa imevutwa hadi mwisho hufunguka hadi f/6.3 tu, ambayo ni theluthi moja ya hatua pungufu (hatua moja hupunguza mwanga kwa nusu), na mtu anaweza kusema theluthi moja si kitu. Ni kweli, theluthi peke yake si kitu. Shida ni kwamba Sigma ikiwa kwenye 600 na imefunguliwa yote, picha hulegea, yaani hupoteza ukali kidogo, na wengi wanaoitumia kwa makini hulibana tundu lake hadi f/8 ili manyoya yatoke vizuri. Nikon kwenye 500 unaweza kuiamini ikiwa wazi kwenye f/5.6. Sasa linganisha f/5.6 na f/8: hiyo ni hatua nzima. Ile ISO 3200 imekuwa 6400, na kwenye kihisi (kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera) cha ukubwa wa D7500 tofauti hiyo utaiona shingoni mwa ndege, pale rangi inayometameta inapogeuka kuwa chengachenga.

Kuna jambo la fokasi pia. Mfumo wa fokasi wa D7500 una nukta 51, na umetengenezwa kwa kuzingatia lenzi zinazofunguka angalau hadi f/5.6, nukta inayoweza kufanya kazi hadi f/8 ni moja tu, ile ya katikati. Sigma hushika fokasi kwenye f/6.3, sitaki kumtisha mtu, na kwenye jua hutasikia tofauti yoyote. Lakini kwenye kivuli kizito, ndege akiwa nyuma ya matawi mawili matatu, utaona lenzi ikienda mbele na kurudi nyuma ikitafuta pa kushika, na ikishapata ndege amekwisha kuhama. Kubana tundu hakuhusiki hapa, kwa kuwa kamera hutafuta fokasi lenzi ikiwa wazi kabisa. Kinachohusika ni ile f/6.3 yenyewe.

Kwa hiyo msituni mwanga ndio unaokupungukia kwanza, na urefu baadaye. Ndege wa Karura mara nyingi hawako mbali sana. Wako karibu, wamejificha, tena gizani. Kwa jambo hilo la ukaribu, Nikon inakubali kulenga kitu kilicho umbali wa mita 2.2, na Sigma mita 2.8. Ni jambo dogo, lakini siku kipepeo akitua mbele yako utalikumbuka.

Mgeni wa Lenzi

Asante sana, Mzee. Hoja ya kwamba msitu unadai mwanga kuliko urefu sikuwa nimeifikiria hata kidogo. Hata hivyo bado nina maswali mawili. La kwanza, je, zile milimita 100 za ziada zinaongeza kiasi gani hasa katika picha? La pili, kwa nini unasema mbuga ndiyo inayoweza kuidai Sigma, ilhali mbugani ni uwanda wazi?

Mzee wa Karura

La kwanza linahesabika. Kihisi cha kamera yako kina upana wa karibu milimita 23.5, umegawanywa katika pikseli 5,568. Mchukue ndege mwenye urefu wa sentimita 15 akiwa umbali wa mita 20. Kwa lenzi ya 500 atachukua karibu pikseli 890 za upana huo. Kwa 600 atachukua karibu 1,070. Hilo ni ongezeko la asilimia 20, na mtu asikudharaulie. Lakini ongezeko hilo huwa na maana ikiwa kila pikseli imebeba habari ya kweli. Pikseli 1,070 zilizolegea kidogo na zenye chenga za ISO 6400 hazizidi pikseli 890 safi. Ongeza na hili, kwamba urefu unaoandikwa kwenye lenzi hupimwa kwa kitu kilicho mbali sana. Kitu kikikaribia, zumu nyingi za aina hii hupungua urefu kimyakimya, na ndege wa mita sita hapati 600 kamili.

Kwenye mwanga mzuri na ndege aliye mbali, hesabu inageuka na Sigma inashinda. Ukiwa unapiga picha ndege wa majini kwenye bwawa la wazi saa mbili asubuhi, na huwezi kusogea, 600 kwenye f/8 itakupa picha ambayo 500 haikupi. Sikatai.

La pili. Uwanda wa mbuga yetu ni wazi, lakini gari halitoki barabarani, na wewe huruhusiwi kushuka isipokuwa sehemu zilizotengwa. Maana yake umbali hauchagui wewe, anauchagua mnyama. Simba akiamua kulala kando ya barabara, mita 15 kutoka dirishani kwako, lenzi ya 200 kwenye kamera yako inaona upana wa mita 1.76 pale alipo. Simba aliyejinyoosha anazidi hapo, utamkata ama kichwa ama makalio. Ile 150 inaona mita 2.35, na anaingia. Mara nyingi hii ndiyo tofauti kubwa zaidi kati ya lenzi hizi mbili, lakini watu hawaizungumzii kwa sababu wote wameangalia mwisho ule mwingine. Twiga wa karibu sitamtaja, maana huyo hatoshei katika lenzi yoyote kati ya hizi. Umpige kwa ile 18-140 yako au umwache apite.

Na kabla hujasema kwamba utabadilisha lenzi mle garini: vumbi la barabara za mbuga wakati wa kiangazi linaingia kila mahali. Mimi huona afadhali nimkate simba kuliko kuufungua mdomo wa kamera nyuma ya gari lililotutangulia.

Wa Rongai

Mzee, hilo la simba nakuunga mkono, ila kwenye hoja ya msitu umeibebesha Sigma mzigo kupita kiasi. Kwanza, mimi huitumia kwenye 500 badala ya 600 nikiwa kivulini, na hapo ukali wake ni mzuri hata bila kuibana sana. Pili, hujataja kifaa cha kuunganishia lenzi na kompyuta ambacho Sigma hukiuza kando. Ukiwa nacho unarekebisha fokasi katika nafasi 16: urefu wa aina nne, na katika kila urefu umbali wa aina nne. Marekebisho ya fokasi yaliyomo ndani ya D7500 yanakupa thamani moja tu kwa lenzi nzima, na kwa zumu thamani inayofaa kwenye 200 inaweza isifae kwenye 500. Lenzi nyingi za Sigma zinazolaumiwa kwamba zimelegea hazijalegea. Zinalenga sentimita chache mbele au nyuma ya ndege, na mwenye lenzi hajui.

Tena kuna kufuli. Sigma unaifunga kwenye urefu wowote ulioandikwa ili isijivute yenyewe ukiwa umeining'iniza begani. Na ukiwa na haraka unaweza kuushika mdomo wa mbele ukausukuma au kuuvuta moja kwa moja bila kuzungusha chochote. Nikon inataka mzunguko mrefu: kutoka 200 hadi 500 unazungusha, unabadilisha mkono, unazungusha tena. Mchezaji wa raga akikimbia kukuelekea kando ya mstari, kabla hujamaliza kuzungusha ameshafunga trai.

Mzee wa Karura

Kuhusu kile kifaa cha marekebisho umesema kweli, na yeyote anayenunua Sigma akihesabie bei tangu mwanzo badala ya kukiona kama pambo. Kuhusu mzunguko wa Nikon pia umesema kweli. Hiyo ni kero yake kubwa. Lakini ukisema kwamba msituni unaitumia kwenye 500, basi umekubali hoja yangu: umebeba 600 ili utumie 500, na kwenye 500 Sigma bado iko f/6.3 ambapo mwenzake yuko f/5.6.

Fundi wa Moi Avenue

Nimekuwa nikisoma kimya. Kazi yangu ni kusafisha na kurekebisha lenzi, na ningependa kuongeza mambo ambayo mnunuzi wa kawaida hayatazami, hasa ikiwa ndugu mwanzisha uzi atanunua ya mtumba, kama wengi wetu tunavyofanya.

Nikon 200-500 za mtumba zimekuwa rahisi kupatikana kuliko zamani. Mwezi Juni 2023 Nikon ilitangaza 180-600 kwa kamera zisizo na kioo cha ndani (mirrorless), yenye uzito wa gramu 1,955 bila mguu wake wa tripodi na ambayo hairefuki inapovutwa, na wengi waliohamia kamera hizo wakaanza kuuza za zamani. Hiyo mpya haifungi kwenye D7500, msiifikirie. Ila ile 200-500, siku ukihamia kamera zisizo na kioo, inaendelea kufanya kazi kwa kutumia adapta ya Nikon yenyewe. Kwa Sigma, hakikisha kwanza kwamba programu ya ndani ya lenzi imesasishwa, na kazi hiyo hufanywa kwa kifaa kilekile alichokitaja Wa Rongai.

Ukienda kuikagua, chukua tochi. Ondoa vifuniko vya lenzi pande zote mbili, mulika kutoka nyuma, utazame kutoka mbele kwa pembe. Vumbi chache si tatizo, hata lenzi mpya huwa nazo. Unachotafuta ni kuvu: nyuzi nyembamba zilizotawanyika kama mizizi, mara nyingi kuanzia ukingoni mwa kioo. Lenzi iliyokaa muda mrefu Pwani bila kutunzwa huwa nayo mara nyingi kuliko iliyokaa Nairobi, kwa ajili ya unyevu. Kuvu ikishakula ile tabaka ya juu ya kioo, kuisafisha huondoa kuvu lakini alama hubaki. Kisha ifunge kwenye kamera yako mwenyewe, si ya muuzaji. Ivute hadi mwisho, bonyeza shata nusu, usikilize mfumo wa kutuliza mtikisiko ukiamka. Mlio mdogo ni wa kawaida, mgongano si wa kawaida. Piga bango lenye maandishi madogo upande wa pili wa barabara, lenzi ikiwa wazi kabisa, halafu linganisha kona ya kushoto na ya kulia. Kona moja ikiwa kali na ya pili imelegea, huenda lenzi hiyo imewahi kuanguka, hata kama nje haina mkwaruzo.

Kwa wengine wanaosoma uzi huu wakiwa na kamera za zamani kama D80 au D200: lenzi hii ya Nikon 200-500 hufungua na kubana tundu lake kwa umeme, na kamera hizo haziwezi kuliamuru. Msije mkainunua kwa sababu tu inaingia.

Mgeni wa Lenzi

Nashukuru, Fundi. Rafiki yangu mwenye gari anasema picha zake za mbugani za saa sita mchana hutoka kama zimepigwa kupitia maji, na anailaumu lenzi yake. Je, hilo ni jambo la kuzingatia katika kuchagua?

Mzee wa Karura

Si la kuzingatia kabisa, na afadhali umelitaja kabla hujatumia fedha. Hiyo si lenzi, ni hewa. Ardhi ya uwanda wa Athi ikishapata jua, hewa iliyo karibu nayo hupanda ikiwa moto na kuchanganyika na iliyo baridi, na mwanga unaopita humo hupindapinda. Lenzi ndefu huyakuza mawimbi hayo pamoja na mnyama. Kongoni aliye mita 200 atakuwa uji kwenye 500, na kwenye 600 atakuwa uji mkubwa zaidi. Jaribu mwenyewe: piga kitu kilicho mita 20, kisha kingine kilicho mita 200, dakika ileile. Wa karibu akiwa mkali na wa mbali ameyeyuka, lenzi haina kosa. Mbuga hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na saa mbili au tatu za kwanza ndizo za picha za mbali. Baada ya hapo piga wa karibu tu.

Hata ndani ya gari lipo. Asubuhi ya baridi, dereva amewasha hita, unateremsha kioo, na hewa ya moto inatoka kupitia dirisha lilelile unalopigia. Zima hita, zima injini, kisha uweke mfuko wa maharagwe kwenye ukingo wa dirisha na ulaze lenzi juu yake. Nunua mfuko mtupu, maharagwe yapo kila duka.

Wa Rongai

Hilo la hita sikulijua. Ila naomba ndugu mwanzisha uzi asifanye uamuzi kabla hajashika lenzi zote mbili mkononi kwa muda wa kutosha. D7500 na Nikon hiyo zinakaribia kilo tatu. Mzee amezoea, mtu anayeanza anaweza kuipenda picha na kuichukia safari.

Mgeni wa Lenzi

Nimezishika zote mbili leo katika duka moja la mjini, na muuzaji aliniruhusu nisimame nazo mlangoni. Sigma ilinikaa vizuri zaidi, sitaficha. Lakini nilipozielekeza kwenye kibaraza chenye kivuli upande wa pili wa barabara, Nikon ilishika fokasi mara moja kila nilipobonyeza, na Sigma kwenye 600 ikasitasita. Mimi ni mtu wa Karura kuliko mbuga. Mbugani huenda gari likipatikana, Karura huenda kila ninapoweza. Nitachukua Nikon, ya mtumba, baada ya kuikagua kama alivyoeleza Fundi, na simba wa karibu nitamkata. Kamba ya kawaida ya shingoni naiacha. Nitafunga kamba ya begani kwenye mguu wa tripodi wa lenzi yenyewe ili uzito usining'inie kwenye mdomo wa kamera.

Swali la mwisho: muuzaji anataka niongeze filta ya kukinga kioo cha mbele. Zote mbili ni milimita 95, na bei aliyonitajia imenishtua. Je, ni lazima?

Fundi wa Moi Avenue

Si lazima. Filta ya ukubwa huo ikiwa nzuri ni ghali, na ikiwa ya bei rahisi itakuharibia ule ukali unaoulipia. Kwenye lenzi ndefu kasoro ya kioo bapa huonekana haraka kuliko kwenye lenzi fupi. Hakikisha muuzaji anakupa kivuli cha plastiki kinachofungwa mbele ya lenzi hiyo, maana wengi huuza bila hicho, na ndicho kitakachopokea matawi ya Karura kabla ya kioo. Kagua pia kama kinafunga sawasawa, kisicheze.